Sindelar: straika wa karatasi aliyeikwepa jezi ya Hitler, na ile café aliyoinunua

Wadau, wiki iliyopita kijiweni tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa mmoja, shabiki wa Barca wa kufa mtu, alishikilia kwamba mshambuliaji wa kati kushuka chini kuchukua mpira, mabeki wakabaki wanashangaa hawana wa kumkaba, ni kitu kilichoanza na Messi. Nikamwambia hapana, kuna mtu alikuwa anafanya hivyo kule Vienna kabla babu zetu hawajaoa. Akacheka. Kijiwe kizima kikacheka. Nikasema sawa, nitaandika, halafu tutaonana.

Huyo mtu anaitwa Matthias Sindelar. Niseme ukweli, nilipokaa kuandika nilidhani naandika habari ya mpira tu. Ile hadithi yake tamu inayozunguka kwenye mtandao nilikuwa naijua kwa kichwa: straika aliyewagomea Wanazi, akawafunga, akacheza dansi mbele ya wakubwa wao, halafu akauawa. Nimeisimulia mwenyewe si mara moja. Kumbe kuna kipande huwa kinarukwa, na hata mimi nilikuwa nakiruka. Nitakifikia, msiniharakishe.

Alizaliwa tarehe 10 Februari 1903 katika kijiji cha Kozlov, Moravia, ambako leo ni Jamhuri ya Czech ila wakati huo palikuwa chini ya dola ya Austria-Hungary. Kwa Kicheki jina lake ni Matěj Šindelář. Baba yake alikuwa mwashi. Kijana akiwa bado mdogo sana familia ikahamia Vienna, mtaa wa Favoriten, uswahilini kwa wakati huo: viwanda vya matofali, vumbi, vyumba vya kubanana, na Wacheki kibao waliokuja mjini kutafuta kibarua. Mwaka 1917 baba akauawa vitani, upande wa mto Isonzo walikokuwa wakipigana na Waitaliano. Mama akabaki na watoto wanne, Matthias na dada zake watatu, akawa anafua nguo za watu ili wale. Kijana naye akapelekwa kujifunza ufundi chuma.

Mpira aliujulia mtaani. Watoto wa Favoriten walikuwa wanafunga matambara wanapata mpira, wanapiga kwenye viwanja vya wazi. Yaani chandimu, wadau, chandimu kabisa kama ile tunayoijua. Ukicheza na mpira wa matambara kwenye uwanja wa mashimo, huwezi kutegemea mashuti ya mbali. Unajifunza kuuweka karibu na mguu na kumpita mtu kwa akili. Mwaka 1918, akiwa na miaka 15, timu ya Hertha Vienna ikamchukua.

Mwaka 1923 akaumia goti la kulia, na tena si uwanjani, aliteleza kwenye bwawa la kuogelea. Enzi hizo kuumia goti namna ile mara nyingi ndiyo ilikuwa kwaheri ya mpira. Daktari mmoja mashuhuri, Hans Spitzy, akampasua, na operesheni ikakubali. Lakini tangu siku hiyo Sindelar hakuingia uwanjani bila bandeji kwenye goti. Ukitazama picha zake za zamani utaiona. Mimi naamini goti hilo ndilo lililomtengeneza. Mtu mwembamba, mwenye goti la kupasuliwa, hawezi kupigana vikumbo na mabeki wa miaka ile waliokuwa wanacheza kama wapasua kuni. Basi akawa hakamatiki. Beki anakuja, yeye ameshatoka. Watu wa Vienna wakampa jina Der Papierene, mtu wa karatasi. Wengine wanasema ni kwa sababu ya wembamba wake, wengine wanasema ni vile alivyokuwa anapenya katikati ya mabeki wawili kama karatasi inavyopita chini ya mlango. Chagua unayoipenda.

Mwaka 1924 akahamia timu iliyoitwa Wiener Amateur. Hapa kuna kichekesho: mwaka huo huo ligi ya Austria ikawa ya kulipwa, ya kwanza katika bara la Ulaya, kwa hiyo kukawa na timu inayoitwa Amateur huku wachezaji wake wanachukua mshahara. Mwaka 1926 wakaamua kubadili jina, wakawa Austria Wien. Kama Rapid ilikuwa timu ya makabwela, Austria Wien ilikuwa timu ya watu wa café, wasomi, wafanyabiashara, na viongozi wake wengi walikuwa Wayahudi. Likumbukeni hilo. Sindelar, mtoto wa dobi kutoka Favoriten, akawa mfalme wa timu ya watu wenye tai. Akachukua nao Kombe la Austria 1925 na 1926, na ubingwa wa ligi 1926. Cha ajabu huo ubingwa wa ligi hakuupata tena maishani.

Timu ya taifa alianza Septemba 1926 kule Prague dhidi ya Czechoslovakia, akafunga siku hiyo hiyo. Kocha alikuwa Hugo Meisl, mtu wa kofia na fimbo, mtoto wa familia ya Kiyahudi, aliyekuwa anajua mpira na anajua kwamba anajua. Baada ya mechi moja ya kwenye theluji huko Nuremberg mwanzoni mwa 1929, Austria ilipopigwa 5-0 na timu ya Ujerumani ya kusini, lawama zikawaangukia wapiga chenga. Sindelar akapotea kwenye timu ya taifa karibu miaka miwili. Hebu fikiria, mchezaji bora kuliko wote nchini anakaa nje kwa sababu kocha hapendi chenga zake.

Kwa Waaustria café si mahali pa kunywa kahawa tu. Ni kijiwe, ni ofisi, ni bunge. Watu wa mpira walikuwa na yao, Ring Café, na inasimuliwa kwamba ni hapo waandishi wa habari walipomkaba koo Meisl mwaka 1931 wakitaka Sindelar arudishwe. Meisl akachoka kubishana, akawatupia karatasi yenye majina ya kikosi, kama kuwaambia haya, chukueni timu yenu. Jina la Sindelar lilikuwemo. Kama kila kitu kilitokea hivyo hivyo sijui, ila kilichofuata kipo kwenye kumbukumbu: tarehe 16 Mei 1931 Austria iliifunga Scotland 5-0. Ni kweli Waskoti walikuja bila wachezaji wa Rangers na Celtic, lakini tano ni tano.

Siku nane baadaye wakaenda Berlin wakawapa Wajerumani 6-0. Septemba Wajerumani wakaja Vienna kulipiza, wakala 5-0. Novemba, Uswisi kwao 8-1. Aprili 1932, Hungary 8-2, Sindelar akapiga tatu na mwenzake Anton Schall akapiga nne. Ikaitwa Wunderteam, timu ya maajabu. Walikuwa wanapasiana chini, mpira hauruki, na katikati Sindelar anashuka, anavuta beki, anaachia pasi kwenye nafasi aliyoiacha mwenyewe. Sasa wewe uliyecheka kijiweni, umeelewa? Zaidi ya miaka sabini kabla ya Barca ya Messi.

Tarehe 7 Desemba 1932 wakaenda Stamford Bridge, London. Wakati huo England ilikuwa haijawahi kufungwa kwao na timu yoyote ya bara la Ulaya, na ilibaki hivyo mpaka Hungary walipokuja kuvunja mwiko mwaka 1953. Vienna watu walifurika uwanja wa Heldenplatz katikati ya jiji, vipaza sauti vimefungwa, wanasikiliza redio. Kipindi cha kwanza England mbili, Austria hawajapata kitu. Cha pili Wunderteam wakaamka, Sindelar akafunga moja, mwisho ikawa 4-3 kwa England. Walifungwa, lakini Waingereza wenyewe walikiri wameona mpira wa aina nyingine. Huo uwanja wa Heldenplatz nao muukumbuke, tutarudi.

Sindelar sasa akawa staa wa aina ambayo Ulaya ilikuwa haijazoea. Picha yake kwenye matangazo ya saa, ya maziwa, ya suti. Akaonekana mpaka kwenye filamu. Leo tunaona kawaida, mchezaji na soda, mchezaji na simu, lakini yeye alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Mwaka 1933 Austria Wien ikachukua Mitropa, kombe la vilabu vya Ulaya ya Kati, babu yake Champions League. Fainali ilikuwa dhidi ya Ambrosiana, ndiyo Inter hiyo, yenye Giuseppe Meazza. Milan walifungwa 2-1, marudiano Vienna wakashinda 3-1, mabao yote matatu Sindelar. Mwaka 1936 wakalichukua tena, safari hii mbele ya Sparta Prague.

Kombe la Dunia 1934, Italia, wengi waliwapa Austria nafasi kubwa. Wakaitoa Ufaransa 3-2 kwenye muda wa nyongeza, wakaitoa Hungary 2-1, nusu fainali wakakutana na wenyeji pale San Siro. Mvua, tope, na Luis Monti, Muajentina aliyecheza fainali ya 1930 kwa Argentina, sasa anaichezea Italia, kapewa kazi moja tu: Sindelar asipumue. Alimpiga daluga mpaka basi. Bao pekee alifunga Guaita, na Waaustria walilalamika kwamba kipa wao alisukumwa. Mchezo wa kutafuta mshindi wa tatu Sindelar hakucheza, na Wajerumani wakaondoka na nafasi hiyo kwa 3-2. Meisl akafariki Februari 1937 kwa ugonjwa wa moyo. Nafikiri Mungu alimpenda, maana hakuyaona ya mwaka uliofuata.

Machi 1938 majeshi ya Hitler yakaingia Austria, na nchi ikamezwa. Tarehe 15 Machi Hitler akahutubia umati mkubwa mno pale pale Heldenplatz, walipokuwa wamekaa watu kusikiliza redio ya Stamford Bridge. Hata jina la Austria likafutwa, ikaitwa Ostmark. Mpira wa kulipwa ukapigwa marufuku. Timu ya Wayahudi, Hakoah, ikafungwa. Viongozi wa Kiyahudi wa Austria Wien wakafukuzwa, akiwemo rais wao, Dk. Emanuel Schwarz. Uongozi mpya ukawaambia wachezaji wasimsalimie tena mzee huyo. Inasimuliwa kwamba Sindelar alimwendea akamwambia yeye ataendelea kumsalimia kila watakapokutana. Kwa wakati ule salamu ilikuwa inatosha kumtia mtu matatani.

Ndipo ikaja mechi ya tarehe 3 Aprili 1938, Prater, Vienna. Mechi ya kuaga timu ya Austria: Ostmark na Ujerumani, wiki moja kabla ya kura ya kuhalalisha muungano. Watu kama elfu sitini. Wakubwa wa chama jukwaani. Inasemekana Sindelar ndiye aliyeshikilia wavae jezi nyekundu na bukta nyeupe, rangi za bendera ya Austria. Kipindi cha kwanza alikosa nafasi za wazi moja baada ya nyingine, na wapo wanaoapa kwamba alikuwa anakosa makusudi, eti kuna amri ya kutoka sare, naye anawaonyesha kwamba angetaka angefunga. Kipindi cha pili akafunga. Rafiki yake Karl Sesta akafunga la pili kwa frikiki ya mbali. 2-0. Halafu, inasemwa, Sindelar akaenda kucheza dansi mbele ya jukwaa la wakubwa.

Hapa inabidi nisimame kidogo. Matokeo yapo, mabao yapo, rangi za jezi zipo. Lakini hiyo amri ya sare hakuna karatasi iliyowahi kuonekana, na dansi imekuwa ikirefuka kila inaposimuliwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuisimulia kijiweni na nikaongeza dakika mbili za dansi kwa raha zangu. Siku chache baadaye kura ikapigwa na serikali ikatangaza kwamba zaidi ya asilimia 99 wamekubali. Sasa jiulize, wale elfu sitini waliokuwa wanashangilia walipiga kura gani?

Kisichobishaniwa ni hiki. Kocha wa Ujerumani, Sepp Herberger, alimtaka Sindelar kwa Kombe la Dunia 1938 Ufaransa. Alimfuata zaidi ya mara moja. Sindelar akasema umri umekwenda, goti linasumbua. Alikuwa na miaka 35, na goti lilikuwa goti kweli, kwa hiyo hata hapo mtu anaweza kusema ni sababu ya kawaida. Wengi waliomjua waliona ni mgomo wa kistaarabu. Wenzake kadhaa wakaenda, wakavaa jezi yenye tai na swastika, na Ujerumani ikatolewa mapema na Uswisi, 1-1 halafu 4-2 kwenye marudiano. Hesabu zake na Austria ziliishia michezo 43 na mabao 26, wengine wanahesabu 27.

Sasa kile kipande kinachorukwa.

Majira ya joto ya mwaka huo huo 1938 Sindelar, mpira wa kulipwa ukiwa umekufa na mshahara umekatika, alinunua café huko kwao Favoriten, Laxenburger Strasse. Mwenye café alikuwa Myahudi. Wakati huo Wanazi walikuwa wanawalazimisha Wayahudi wauze mali zao, maduka, nyumba, viwanda, kwa watu wasio Wayahudi, na bei haikuwa ya soko. Hata hizo pesa zenyewe mara nyingi muuzaji alikuwa haruhusiwi kuzigusa anavyotaka. Sindelar alilipa marki 20,000. Wanaomtetea wanasema alimjua yule mzee, kwamba alilipa bei ya heshima kuliko wengine walivyofanya, na kwamba bila yeye café ingechukuliwa na mwanachama wa Nazi. Wanaompinga wanasema café ilikuwa na thamani zaidi ya hapo, na kwamba hakuna bei ya heshima pale muuzaji anapokuwa kawekewa bunduki mgongoni. Miaka ya 2000, wanahistoria walipofukua majalada, mabishano yakawaka upya Vienna, mpaka watu wakauliza kama kaburi lake linastahili kuendelea kuwa kaburi la heshima la jiji.

Na yule mwenye café? Baadaye alipelekwa kambi ya Theresienstadt na hakurudi. Kwenye zile hadithi tamu za mtandaoni hana hata sentensi moja. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliifunga kompyuta nikaenda nje kukaa.

Lakini pia nisimwonee Sindelar. Hakujiunga na chama. Hakuvaa jezi yao. Alimsalimia Schwarz. Na wakati huo huo alikaa nyuma ya kaunta ambayo isingekuwa yake kama Wanazi wasingekuja. Yote mawili ni ya mtu mmoja, mwaka mmoja, pengine wiki moja.

Café hakukaa nayo sana. Asubuhi ya tarehe 23 Januari 1939 rafiki yake, baada ya kumtafuta bila kumpata, alivunja mlango wa nyumba ya Annagasse, katikati ya Vienna. Sindelar alikuwa kitandani, amekufa. Pembeni mpenzi wake hana fahamu, naye akafariki hospitali bila kuzinduka. Polisi wakasema hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, kwa sababu bomba la moshi lilikuwa bovu. Zimebaki siku kumi na nane tu atimize miaka 36.

Mnajua watu. Wengine wakasema Gestapo wamemuua. Wengine wakasema amejiua kwa huzuni ya nchi yake, na mwandishi Friedrich Torberg, Myahudi aliyekuwa uhamishoni, akaandika shairi lenye mwelekeo huo. Miaka mingi baadaye rafiki yake mmoja alidai kwamba kuna afisa alihongwa aandike ajali, kwa sababu mtu aliyejiua au kuuawa asingeruhusiwa kuzikwa kwa heshima za jiji. Uchunguzi wa mwendesha mashtaka ulifungwa bila jibu. Mimi nikilazimishwa nitasema bomba la moshi. Mabomba mabovu yaliua watu wengi Vienna, na hayakuwa yanauliza jina. Ila sitagombana na mtu kwa hilo.

Kwenye maziko yake, makaburi ya Zentralfriedhof, walikuja watu wapatao elfu kumi na tano. Salamu za rambirambi zilikuwa nyingi mno. Wanazi nao walikuwepo, wanamsifia marehemu kana kwamba alikuwa wao. Mwaka 1999 shirika la takwimu za mpira, IFFHS, lilimtaja kuwa mchezaji bora wa Austria wa karne ya 20, na kule Favoriten kuna mtaa una jina lake.

Kwa hiyo jamaa yangu wa Barca, kuhusu mshambuliaji anayeshuka chini umeshindwa, kahawa ya kesho ni juu yako. Kuhusu café ya Laxenburger Strasse bado sijui niseme nini. Ungekuwa wewe mdau, miaka 35, goti bovu, kazi imefutwa, unapewa funguo za duka la jirani anayefukuzwa, ungezichukua? Tupieni maoni hapo chini, na tafadhali bila matusi.